Huruma Isiyofika Nyumbani

Dada yangu ni daktari tarajali. Asubuhi moja alirudi kutoka zamu ya usiku, akakaa kizingitini na viatu vyake mguuni, akaitazama chai ya maziwa mpaka ikafanya utando. Mzazi alikuwa amemfia mkononi. Alijifungulia nyumbani, akavuja damu, na alipofikishwa wodini damu ya kumwongezea ikachelewa kupatikana.

"Ningekuwa mwepesi zaidi," aliniambia.

Kisha akanisimulia habari za mama wa marehemu, aliyelia kwamba yeye ndiye kamuua mwanawe, maana alingoja kwanza akidhani damu itakata. Dada alimshika mabega: usijilaumu, mama, ulifanya uliloliweza.

"Ulikuwa unamdanganya?" nikamuuliza.

"Hapana!"

"Sasa mbona wewe hujiambii hivyo?"

Akanikata jicho. "Yule hakusomea. Mimi nimesomea."

Hapo, wenzangu, nilikwama. Jibu lile si la kipuuzi. Anayejua anadaiwa zaidi, na daktari anayejisamehe chapchap mimi simtaki karibu na kitanda changu. Lakini kusomea hakutengenezi chupa ya damu! Kama alichelewa mahali, apatazame, kesho awahi. Kujitukana usiku kucha kutamfundisha nini? Ajuaye kwamba akiliona kosa lake atajichinja mwenyewe, ataliangalia kweli, au atalifunika?

Neno "kujihurumia" mitaani kwetu linanuka uvivu. Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuandika juu ya jambo hili mwaka 2003, analitenga na kudeka: ni kujitendea kama ambavyo ungemtendea rafiki aliyekwama. Madaktari wenyewe wamechelewa kulikubali. Kiapo chao, Tamko la Geneva, ni cha 1948. Ahadi ya daktari kutunza na afya yake mwenyewe iliingizwa 2017.

Msinielewe vibaya lakini. Bosi anayempangia mtu zamu mbili mfululizo halafu akamwambia "jipende" anatuchezea shere.

Nilimuuliza dada kama bado anaipenda kazi.

"Kazi naipenda," alisema. "Ila nikiwa ndani yake, mimi mwenyewe sijipendi."

Nikambandikia chai nyingine. Hakuinywa. Alivua kiatu kimoja akalala palepale mkekani. Jioni alikuwa na zamu tena.