Mzizi Uuchague Mwenyewe

Mwanangu, umekabidhiwa funguo za chumba cha swichi, na wakubwa watakuuliza kwanza habari za kasi. Mimi nakuomba uanze na mzizi.

Umesoma, kwa hiyo unajua kwamba pakiti ya IP hupunguziwa hesabu katika kila ruta, na ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Etheneti haina hesabu hiyo. Unganisha swichi mbili kwa waya mbili bila kinga, na tangazo moja litazunguka humo likizaliana mpaka mtu achomoe waya. Swichi zenyewe huchanganyikiwa, maana anwani ileile ya MAC zinaiona mara poti ya 3, mara poti ya 17. Taa zote zitamemeteka kwa pamoja, na simu yako haitanyamaza.

Hata hivyo waya wa pili tunautaka, kwa kuwa wa kwanza utakatika tu. Panya wapo, na mafundi wa dari wapo. Ndiyo sababu Radia Perlman, akiwa Digital Equipment Corporation katikati ya miaka ya 1980, akabuni spaningi tri. Swichi hupeana ujumbe uitwao BPDU kila sekunde 2, huchagua moja iwe mzizi, kila nyingine hutafuta njia nafuu ya kuufikia, na njia za ziada hufungwa zikingoja zamu yao. Mwaka 1990 ikawa kanuni rasmi ya IEEE, 802.1D.

Sasa nisikilize vizuri. Uchaguzi huo hautazami nguvu ya swichi. Hutazama namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo hushinda, na kwa kawaida swichi hutoka kiwandani na 32768. Zikilingana, hushinda yenye anwani ndogo ya MAC, na mara nyingi hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Basi lile sanduku lenye vumbi kule stoo linakuwa mzizi, na data ya jengo zima inalipitia. Hakuna kengele itakayolia. Mtandao utakwenda, ila kwa kujikokota, na wewe utakuwa unagombana na watu wa intaneti bure. Ipe swichi kuu 4096, na msaidizi wake 8192. Hiyo kazi haimalizi hata kikombe cha chai.

Atatokea mtu akushauri uizime spaningi tri kwa sababu kompyuta zinachelewa kupata anwani asubuhi. Kuchelewa ni kweli: kanuni ya zamani huipa poti sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kuifungua. Lakini dawa si kuizima. Tumia toleo la haraka, 802.1w la mwaka 2001, na poti za watumiaji uziandikishe kuwa za ukingoni zifunguke papo hapo. Kisha ziwekee ulinzi wa BPDU. Mhasibu akinunua kaswichi kake na kukachomeka kwenye matundu mawili ya ukutani, swichi yako itasikia ujumbe wake wenyewe ukirudi, na poti itajifunga. Atakuja na hasira. Mkaribishe kiti.

Wala usidhani kuiwasha kunatosha. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, uliyumba kwa takribani siku nne, madaktari wakarudi kwenye karatasi. Spaningi tri ilikuwepo. Tatizo ni kwamba mtandao ulikuwa umekua kwa kuungwaungwa hadi safari ya upande mmoja kwenda mwingine ikazidi swichi 7, ukomo ambao nyakati za kanuni hiyo zilipangiwa. Data nyingi ya mtafiti mmoja ilipomiminika, hesabu zikavurugika. John Halamka, aliyesimamia teknolojia pale, alilisimulia jambo hilo hadharani, na kwa hilo namheshimu kuliko mameneja wengi niliowaona.

Kwa hiyo chora ramani: mzizi uko wapi, poti zipi zimefungwa, swichi ngapi ziko kati ya ncha na ncha. Ibandike mlangoni kwa ndani. Halafu Jumamosi usiku, ukishawaarifu watu, chomoa waya mkuu utazame kama ule wa akiba unaamka, na uandike umechukua sekunde ngapi.