Fulana, Soul na Operesheni Vijana
Utamaduni pinzani, yaani mtindo wa maisha ambao vijana huuchagua ili kuukataa ule unaolindwa na wakubwa wao, una tarehe zake nchini Tanzania: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyoanza Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na kabla mwaka huo haujaisha muziki wa soul, ule wa kina James Brown, nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Leo msafiri anayevuka kwa kivuko kutoka Kamanga na kufika soko la Mlango Mmoja, Mwanza, hukuta fulana za mitumba, nguo zilizokwisha kuvaliwa ughaibuni na kuletwa kwa marobota, zenye sura ya Bob Marley au kaulimbiu zilizofifia. Hamu ya zamani inayoonekana katika fulana hizo ni halali kabisa. Linalosikitisha ni kwamba huazima kumbukumbu za ughaibuni, za Kingston na California, huku ikiwasahau wasichana walioshambuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka 1968 kwa sababu ya urefu wa sketi zao, ilhali wengi wa rika lao wangali hai na wanaweza kuulizwa.