Soma Kwanza, Ndipo Utaje

Mwanangu, nimeona unavyoandika habari za Kilwa kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Nimefurahi. Lakini una haraka, na kazi hii haitaki haraka.

Wapo watakaokuambia kwamba makala ya Kiswahili itumie vyanzo vya Kiswahili tu. Usiwasikilize. Utaratibu wa Wikipedia unaruhusu chanzo cha lugha yoyote, mradi kiwe cha kuaminika na msomaji aweze kukihakiki. Tena kwa Kilwa ungefanyaje? Msafiri Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, na habari zake ziko kwa Kiarabu. João de Barros alisimulia wafalme wa Kilwa kwa Kireno, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1552. Sehemu kubwa ya habari za mji wetu imehifadhiwa kwa lugha za watu wengine. Tukizikataa, tutabaki na makala ya mistari mitatu.

Ila kuruhusiwa kukitumia kitabu si sawa na kukisoma. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilitafsiri makala ya Kiingereza, nikabeba na tanbihi zake zote. Barros nikamtaja kana kwamba nimemfungua. Mhariri mwenzangu akaniuliza kwa upole: hapa Barros anasemaje hasa? Nikakosa jibu. Nilikuwa nimemwita shahidi ambaye sijamsikia akisema neno.

Nikaanza upya. Nikamtafuta mtu anayejua Kireno, tukasoma naye polepole. Nikajua mambo ambayo ile tanbihi haikuwa imeniambia. Barros hakufika Kilwa. Alikuwa mtumishi wa ufalme wa Ureno huko Lisbon, akiandika kutokana na maandishi yaliyomfikia. Na ufalme huohuo ndio uliotuma jeshi la Francisco de Almeida, lililoivamia Kilwa mwaka 1505. Kuna pia historia ya Kilwa kwa Kiarabu, ambayo nakala yake imehifadhiwa London. Orodha yake ya watawala hailingani kila mahali na ya Barros. Hata Ibn Battuta, aliyeuona mji kwa macho yake, safari zake ziliandikwa Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa kukumbuka.

Kisha akaja Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa miaka ya 1960. Masimulizi ya zamani yanauweka mwanzo wa utawala wa Washirazi, watawala wa Kilwa wanaosemekana kutoka Uajemi, katika karne ya 10. Yeye, kwa aliyoyakuta ardhini, akausogeza hadi karibu mwaka 1200. Wataalamu wengine hawakukubaliana naye.

Kwa hiyo, mwanangu, usikimbilie kuandika kwamba ilikuwa hivi. Andika: Barros anasema hivi, kitabu cha Kiarabu kinasema vile, Chittick aliona hivi. Msomaji ajue nani anasema, na alisimama wapi aliposema.

Programu za kutafsiri zitumie, zitakuonyesha ukurasa wa kufungua. Lakini usiziamini peke yake, hasa kwenye majina na miaka. Muulize anayejua. Maalimu wa Kiarabu hawajaadimika pwani yetu, na wengi watafurahi kuulizwa. Katika tanbihi weka jina la mwandishi, kitabu, mwaka, ukurasa na lugha. Jambo likiwa na ubishi, weka maneno ya asili pamoja na Kiswahili chake. Na kama umemsoma Barros kwa tafsiri ya Kiingereza, sema ni tafsiri uliyosoma. Hakuna aibu hapo.

Najua haya yatakuchelewesha. Wenzako watamaliza makala kadhaa na wewe bado uko kwenye aya ya pili. Vumilia. Akija mtu anayejua zaidi akakurekebisha, usinune. Mshukuru, mwendelee pamoja. Ndiyo maana kamusi elezo hii inaandikwa na wengi.

Iko siku mtoto wa shule pale Kilwa Masoko atatafuta habari za magofu anayoyaona ng'ambo ya maji. Hajui Kireno, hajui Kiarabu. Atasoma ulichoandika wewe, na atakiamini. Usimpe usichokisoma.