Mkataa Wengi ni Mchawi: Aliyekataa ni Nani?

Methali hii husikika zaidi misibani. Mtu hakuonekana makaburini, hakutoa rambirambi, hakulala matanga hata usiku mmoja. Wazee wakibaki chini ya mti, mmoja wao atasema tu: mkataa wengi ni mchawi. Kintinku, kule bondeni baina ya Bahi na Saranda ipitapo Reli ya Kati, neno hilo ni zito kama hukumu. Nchi ya Wagogo mvua zake ni haba. Mtama na uwele hulimwa kwa kuomba Mungu, na mwaka wa njaa hakuna kaya inayovuka kwa ghala lake peke yake. Anayewakataa wenzake kule anakataa kushiriki katika uhai wao.

Ndiyo maana methali ikachagua tusi kali kuliko yote. Mchawi, katika fikra za wazee wetu, ni kinyume cha utu: hutembea wenzake wakiwa wamelala, hula akiwa amejifungia, huumia mtoto wa jirani anapopona. Asiyetaka watu amekwisha kuingia njia hiyo, hata kama hana hirizi wala tunguri. Hapo methali inasema kweli, nami naikubali.

Lakini uzito wake wote umebebwa na kitendo kimoja, kukataa. Aliyekataa aliitwa, akasikia, akageuza uso. Mvulana anayechunga ng'ombe mbugani tangu alfajiri hadi machweo yuko peke yake, na hakuna aliyemkataa wala aliyekataliwa naye. Wari walioko kumbini wametengwa na kijiji, hata mama zao hawawaoni, lakini wametengwa ili warudishwe wakiwa watu wazima. Muislamu aliyekaa itikafu msikitini kumi la mwisho la Ramadhani amejitenga na shughuli za dunia, na huenda ni yeye anayetuombea dua sisi tulioko sokoni. Mpweke ana yake: anaweza kukaa katikati ya kelele za stendi na moyo wake usiwe na wa kuongea naye. Na mkiwa ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa kuwa watu wake wamekwisha, hana aliyebaki wa kumlilia. Hawa wote wako peke yao. Mkataa wengi hayumo miongoni mwao.

Wala kukaa mbali si kukataa. Zamani Wagogo walijenga tembe zao zikiwa zimetawanyika, kila kaya na zizi lake, kwa sababu mifugo inahitaji nafasi. Operesheni Dodoma ya serikali ikawakusanya wengi wao vijijini, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na hayo ni mema. Hata hivyo, mzee aliyesita kuliacha tembe la baba yake hakuwa amewakataa wengi. Kaya zile zilizokuwa mbalimbali zilialikana kulima na zilizikana vizuri kabla ya amri yoyote.

Ninaloliogopa ni methali hii inapomwangukia bibi kizee. Mumewe amefariki, watoto wamekwenda Dodoma na Dar es Salaam, naye amebaki na jiko la kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha. Moshi wa miaka mingi umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Pengine ni vikope, ugonjwa uliowasumbua watu wa Tanzania ya kati tangu zamani. Haendi msibani kwa sababu magoti hayamchukui. Mtoto wa jirani anaumwa, na mtu anaikumbuka methali. Kanda ya Ziwa vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga, mambo yakianzia kwenye maneno kama hayo, ilhali Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inamtia hatiani hata anayemnyooshea mwenzake kidole kwamba ni mchawi.

Tukiipima kwa haki, methali inawageukia wengi wenyewe. Kijiji kilichoacha kubisha hodi kwa mjane kimemkataa mtu, na kwa kipimo kilekile cha wazee, uchawi uko upande wa kijiji. Idadi haimpi mtu haki. Wengi nao hukataa.

Basi ndugu msomaji, siku utakapoisikia methali hii ikitajwa juu ya mama anayeishi peke yake, usiitikie haraka. Uliza ni nani aliyemwalika akakataa, na ni lini mtu wa mwisho alifika mlangoni kwake na kibaba cha unga. Asipopatikana wa kujibu, inuka uende wewe.