Sisimizi Aliyeuma

Mvua za kwanza zikinyesha Kimilili, mchwa wenye mabawa hutoka ardhini na watu huwategea kwa taa na mabeseni. Waluhya huwaita chiswa. Hukaangwa, huanikwa, huliwa na ugali. Miezi michache baadaye, mahindi yanapokaribia kukauka, mchwa wa kichuguu kilekile hukata mabua yakalala chini, na mwenye shamba aliyewala kwa furaha huenda dukani kutafuta dawa ya kuwamaliza. Mchwa ni walewale. Basi swali ambalo wakulima wa Bungoma na Trans Nzoia hulijibu kila msimu, bila kuliita la dini wala la falsafa, ni hili: mdudu ni mharibifu kwa jinsi alivyoumbwa, au kwa mahali tulipokutana naye?

Mimi nashikilia la pili, na ushahidi naupata kwenye mahindi yenyewe. Mahindi si mzawa wa hapa. Yalitoka Amerika, yakafika Afrika Mashariki baada ya Wareno, na huku magharibi mwa Kenya hayakutawala mpaka karne ya 20. Kabla ya hapo wimbi na mtama ndivyo vilivyojaza maghala. Mwaka 1964 Kitale ilitoa mbegu chotara iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador. Kipekecha shina, yule ambaye wataalamu humwita Busseola fusca, ndiye Mwafrika wa asili: alikuwa akila majani ya porini na mtama kabla punje ya kwanza ya hindi haijatia mguu bara hili. Sisi ndio tuliomtandikia jamvi, ekari baada ya ekari, kisha tukamshtaki kwa kukaa na kula. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa nchini Kenya mwaka 2017, naye kwao ni Amerika, kama mahindi. Mgeni kamfuata mgeni mwenzake.

Kusema hivyo si kumtetea. Kiwavi anayekula moyo wa hindi anakula karo ya mtoto, na hakuna falsafa itakayoirudisha. Ila kama uharibifu ni uhusiano, si maumbile, basi neno “mharibifu” ni hukumu, na hukumu inataka ushahidi. Kumtambua mdudu, kazi tunayowaachia watu wa maabara, ni wajibu wa kimaadili unaotangulia kumuua. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, nabii mmoja aliumwa na sisimizi, akaamuru makazi yao yote yachomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba kwa sababu ya sisimizi mmoja ameteketeza umma mzima unaomsabihi. Ukiichunguza lawama hiyo, humo hamna katazo la kumuua aliyeuma. Kosa lilikuwa kutobagua. Na sioni tofauti kubwa kati ya moto ule na dawa inayopulizwa shamba zima kwa sababu majani ya pembeni yameonekana na matundu.

Kubagua kwenyewe kunataka macho na subira kidogo. Kinyesi kama unga wa mbao ndani ya moyo wa hindi changa, na kiwavi mwenye alama ya herufi Y iliyogeuzwa juu chini kichwani pamoja na madoa manne ya mraba karibu na mkia, huyo ni kiwavijeshi vamizi. Vitundu vilivyojipanga mstari mmoja kukatiza jani ni alama ya kipekecha shina: alilitoboa likiwa bado limejikunja, nalo lilipokunjuka likaonyesha safari yake. Nenda kwenye sukuma wiki. Katikati ya vidukari utamkuta kijidudu cheusi chenye mabaka ya rangi ya chungwa, umbo kama mamba mdogo, na wengi humponda kwa ubaya wa sura yake tu. Naye ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi, ambaye watoto humtembeza kidoleni, na vidukari ndio riziki yake. Tena kuna kiwavi aliyezungukwa na vifuko vyeupe mithili ya punje ndogo za mchele. Watu hudhani ametaga, ilhali kiwavi hatagi. Ni nyigu wadogo waliomla kutoka ndani, wakatoka, wakajifungia humo wasubiri kuota mabawa. Anayevikanyaga vifuko hivyo anawaua waliokuwa wakimlinda.

Kuna atakayesema kwamba Mwanzo sura ya kwanza inampa binadamu mamlaka juu ya kila kitambaacho. Ni kweli, lakini sura inayofuata inamweka bustanini ailime na kuitunza, na nabii Yoeli anamsikia Mungu akiwaita nzige jeshi lake kubwa. Mtawala anayeua asiowajua ametumia mamlaka vibaya hata kwa kipimo cha Mwanzo.

Pingamizi la njaa ndilo zito. Mwenye nusu ekari, unga umebakia wa wiki mbili, hana muda wa kusoma herufi vichwani mwa viwavi. Jibu la heshima kwake lazima liwe la shambani, nalo lipo, na lilianzia jirani. Mwaka 1997 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kikishirikiana na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza, kilianza kupeleka kwa wakulima wa Trans Nzoia na Suba kilimo cha sukuma-vuta. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na matete kuzunguka shamba. Nondo wa kipekecha shina huvutwa na matete akataga huko, lakini funza wakianza kutoboa hunaswa na utomvu unaonata, na wachache tu hufikia utu uzima. Kuhusu desmodiamu wataalamu bado wanabishana: je, ni harufu inayofukuza nondo, au ni vinyweleo vya majani yake vinavyonasa? Wabishane, shamba halijangoja waafikiane. Uchunguzi wa mwaka 2017 kwa wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliotumia sukuma-vuta ya maeneo makavu, ulikuta viwavijeshi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kulinganisha na mahindi yaliyopandwa peke yake. Desmodiamu hiyohiyo hukandamiza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na ng'ombe hulishwa majani. Hata hivyo mbegu yake si rahisi, na mimea hii hudumu miaka. Anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja ana haki ya kuuliza anampandia nani. Hapo lawama imhamie mwenye shamba.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonipendeza, maana linawagusa wapenzi wa “asili” wenyewe. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba hawezi kuamini kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi nyigu wanaokula viwavi wangali hai. Basi huyu nyigu tunayemsifia ana wema gani? Hana. Sijajenga hoja yangu juu ya wema wa asili, na anayefanya hivyo ajiandae kueleza pareto, ua la asili kabisa ambalo dawa yake huua nyuki sawasawa na inzi. Nyigu ana kitu kimoja tu ambacho moto hauna: anachagua. Mwaka 1993 nyigu Cotesia flavipes waliotolewa Pakistan waliachiliwa pwani ya Kenya wamfuate kipekecha shina mwingine, aliyetoka Asia, na aliyehalalisha kuletwa kwao ni huyo mmoja waliyemfuata. Bila ya kumjua kwa jina, kazi ile isingeanza.

Hata jivu na udongo, ambavyo wakulima wengi wa magharibi huvitia kwa vidole kwenye moyo wa hindi, vina sifa hiyo, kwa kuwa mkono unafika pale tu jicho lilipotangulia. Tuseme mkulima wa Kimilili amekagua mahindi kumi asubuhi: sita ni mazima, matatu yana kiwavi anayetafuna, moja lina kiwavi aliyelegea na vifuko vyeupe ubavuni. Matatu ayatie jivu. Lile moja aliache lilivyo, arudi kulitazama baada ya wiki.