Tupambe lini?



Huku Remera Novemba haijaisha, na maduka ya Kisimenti tayari yanawaka taa za Noeli. Kwetu Masisi tulipamba tarehe 24 jioni: matawi mabichi na maua, basi. Watoto walipoomba mapambo mapema, sisi wazazi tulikataa. Tulisema Majilio ni muda wa kungoja, yana Jumapili nne, tusiyaruke. Hoja hiyo ni nzuri na bado tunaishika.

Lakini tuseme kweli, sababu haikuwa hiyo. Tuliogopa kupiga msumari katika ukuta wa nyumba ya kupanga. Kupamba mapema ni kukubali kwamba Noeli itatukuta hapa tena, na ndugu zetu wengine wako kambini. Je, ni haki kuwanyima watoto furaha kwa ajili ya huzuni yetu?

Yeremia (sura ya 29) aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani. Katika barua hiyohiyo aliwaambia kwamba watarudi, baada ya miaka 70.

Jumapili ya kwanza ya Majilio tulifunga tawi moja mlangoni. Taa zitangoja tarehe 24. Mtoto mdogo akauliza, je, likikauka kabla? Tutafunga lingine.