Zawadi Kutoka Vitani



Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, mzee Yese ana wana watatu vitani. Anamtuma Daudi awapelekee bisi na mikate kumi, na jibini kumi kwa akida wao. Kisha anamwagiza arudi na alama kwamba ni wazima. Mzee hakutaka nyara, alitaka kujua hali ya wanawe.

Askari wa kila vita wametuma alama kama hizo. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza waliokuwa Ufaransa walituma nyumbani kadi zilizotariziwa kwa hariri. Wengine waligeuza maganda ya mizinga kuwa vyombo vya maua. Vijana wetu wa Keya walipigana Burma, ambako Wajapani walitumia noti zao za rupia. Vita vilipokwisha mwaka 1945 noti hizo zikawa karatasi tu, za kuwekwa kwa ukumbusho. Wengine hawakufika vitani: meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mjane asiye na kaburi la kuzuru, barua ya zamani ndiyo kaburi lake.

Sasa tuseme mke yuko Bongwe, na mumewe ni askari Somalia, ambako jeshi la Kenya liliingia Oktoba 2011. Anatuma fedha. Siku moja anatuma ganda la risasi lililong'arishwa. Watoto wanalifurahia, mama ananuna: leso ingefaa zaidi! Baba anaporudi likizo amekuwa bubu, na usiku halali.

Mama, usipime upendo kwa bei ya kifurushi. Huenda ganda lile linasema, "Hii haikunipata mimi." Usimhoji kama hakimu. Mwandalie chakula, keti naye, ngoja.

Nawe baba, usiliachie ganda kazi ya ulimi. Mkeo amelea, amelipa karo na kuuguza peke yake. Naye ametoka vitani. Muulize habari zake kwanza, kisha mweleze zako. Usingizi ukizidi kukukimbia, nendeni wote wawili kwa daktari au kwa padre. Kwenda si aibu.

Zawadi huwekwa kabatini. Ninyi mliahidiana nafsi zenu.

Mungu azibariki nyumba zenu.